Grama, shule ya mtaani, ya dini au ya kulipia: mtoto wa Mwaka wa 6 aende wapi?

Fomu ya kuombea nafasi ya sekondari inafungwa tarehe 31 Oktoba, mtoto akiwa Mwaka wa 6, na majibu yanatoka tarehe 1 Machi. Kabla ya fomu hiyo, mzazi anatakiwa kuamua jambo litakalomfuata mtoto kwa miaka mitano au saba, na mara nyingi anaamua kwa kusikia maneno ya msikitini, kanisani au kwenye kundi la WhatsApp. Makala hii inalinganisha njia nne zilizopo, kwa ajili ya wazazi wanaozungumza Kiswahili wanaoishi England. Nasema England kwa makusudi: Scotland na Wales hazina shule za grama, na Ireland ya Kaskazini ina utaratibu wake.

Wengi wetu tuliosoma Tanzania au Kenya tulilelewa na mchujo. Matokeo ya darasa la saba au ya KCPE yalitoka, wenye alama za juu wakapelekwa shule za vipaji maalumu au shule za kitaifa, waliobaki wakaenda kulikokuwa na nafasi. Mtoto wa mkulima aliyeongoza wilaya alipanda basi na tranka lake kwenda Ilboru au Mzumbe, na hakuna aliyeuliza baba yake ana nyumba mtaa gani. Ndiyo maana tukisikia hapa kuna shule za serikali zinazochagua watoto kwa mtihani, moyo unakimbilia huko. Ila mchujo wa hapa unapima vitu vingine, na mzazi anayeufuata kwa imani ile ya nyumbani anaweza kumchosha mtoto bure na kupoteza fedha nyingi.

Msimamo wangu nautoa mapema ili msomaji ajue nasimama wapi. Matokeo ya shule za England yanaeleza zaidi watoto gani wameingia kuliko namna walivyofundishwa. Kwa hiyo jina la aina ya shule ni mwanzo tu wa maswali.

Njia nne kwa ufupi

Ya kwanza ni shule ya kawaida ya serikali, inayopokea watoto wa uwezo wote bila mtihani. Nyingi siku hizi zinaitwa akademi, maana yake zinapewa fedha moja kwa moja na serikali kuu na haziko chini ya halmashauri. Zaidi ya 8 kati ya kila sekondari 10 za serikali ni akademi, kwa hiyo neno hilo langoni halikuambii kama shule ni nzuri au mbaya. Ya pili ni shule ya grama: ya serikali, bure, lakini lazima mtoto afaulu mtihani wa 11+. Ya tatu ni shule ya dini inayolipiwa na serikali, na ya nne ni shule ya kulipia ada.

Grama na shule ya kawaida

Hapa ndipo penye mvutano mkubwa, basi nitakaa kidogo.

Sheria ya Elimu ya 1944 ilileta sekondari ya bure kwa wote, na utekelezaji wake ukawagawa watoto wakiwa na miaka 11. Karibu robo walikwenda grama, wengi wakaenda sekondari za kawaida zilizoonekana za daraja la chini, na wachache shule za ufundi. Kufikia miaka ya 1960 ilikuwa wazi kwamba watoto wa wafanyakazi wa viwandani na migodini walikuwa wakiachwa nje ya grama kwa wingi. Mwaka 1965 waziri Anthony Crosland aliziandikia halmashauri waraka akizitaka zipange kuondokana na mgawanyo huo. Nyingi zilifuata, nyingine zikagoma, na serikali ya Thatcher ilipoingia 1979 shinikizo likaondolewa. Sheria ya 1998 ikapiga marufuku kuanzisha grama mpya. Waziri mkuu Theresa May alijaribu kuiondoa marufuku hiyo 2016, akaacha baada ya uchaguzi wa 2017. Ndiyo sababu leo England ina grama 163 tu, zenye takriban mtoto 1 kati ya kila 20 wa sekondari za serikali, na zimerundikana: Kent, Buckinghamshire na Lincolnshire bado zinachuja eneo zima, wakati miji mingi haina hata moja.

Sasa tuangalie nani anaingia. Kipimo kinachotumika hapa ni watoto wanaopata chakula cha bure shuleni, maana kinagusa familia zenye kipato kidogo. Mwaka 2013 taasisi ya Sutton Trust ilionyesha kuwa chini ya watoto 3 kati ya kila 100 walioingia grama walikuwa wa chakula cha bure, huku katika maeneo hayo hayo watoto wa aina hiyo wakiwa karibu 18 kati ya 100. Takriban 13 kati ya 100 walitoka nje ya shule za serikali, wengi wao wakiaminika kutoka shule za msingi za kulipia. Baadhi ya grama zimejirekebisha tangu hapo. Kwa mfano, kundi la grama za King Edward VI mjini Birmingham linatenga nafasi kwa watoto wa familia za kipato kidogo. Lakini pengo bado ni kubwa.

Kwa nini? Tazama mtihani wenyewe. Mbali na hesabu na Kiingereza kuna sehemu ya kufikiri kwa maneno na maumbo. Swali moja linafanana na hili: kama CAT huandikwa DBU, DOG huandikwaje? Jibu ni EPH, kila herufi inasogea hatua moja mbele. Mtoto aliyeshaona maswali ya namna hiyo mamia ya mara analijibu kwa sekunde tano. Anayekutana nalo mara ya kwanza, hata awe na akili kumshinda, anatumia dakika nzima kuelewa anaulizwa nini, na saa haimsubiri. Shule za msingi za serikali kwa kawaida hazifundishi maswali haya. Yanafundishwa tuisheni, ambako kulipa pauni 30 au 40 kwa saa si ajabu, na maandalizi huanza Mwaka wa 4 au wa 5. Ongeza sehemu ya msamiati, inayompendelea mtoto ambaye nyumbani kwake vitabu vya Kiingereza vimejaa ukutani.

Hili halimaanishi mtoto wetu hawezi. Watoto wa Kiafrika na wa Kiasia wanafaulu 11+ kila mwaka, na maktaba ya mtaa ina vitabu vya mazoezi bila malipo. Ninachosema ni kwamba mtoto akishindwa, usimhukumu. Mtihani ule umepima pia mfuko wako, muda wako na kama ulijua kwamba usajili hufungwa sehemu nyingi Juni au Julai, mtoto akiwa bado Mwaka wa 5.

Je, akifaulu anapata nini? Matokeo ya grama katika GCSE, mitihani ya Mwaka wa 11, ni ya juu sana, hilo halina ubishi. Lakini mwaka 2018 Stephen Gorard na Nadia Siddiqui wa Chuo Kikuu cha Durham walilinganisha watoto wa grama na wenzao wa shule nyingine wenye alama za awali zinazofanana, hali ya familia inayofanana na historia inayofanana. Ubora wa grama ukawa karibu haupo. Watoto waliokwisha kuwa hodari waliingia na wakatoka hodari. Upande wa pili ni mbaya zaidi: katika maeneo yanayochuja eneo zima, watoto maskini waliobaki nje ya grama hufanya vibaya kidogo kuliko watoto kama wao katika maeneo yasiyochuja. Shule inayopoteza robo ya watoto wa mtaa, wale wenye alama za juu, kila Septemba hupata shida hata kuwavuta walimu wa fizikia.

Kwa hiyo hesabu inabadilika kulingana na unapoishi. Ukiwa Maidstone (Kent) au Aylesbury (Buckinghamshire), karibu kila mtoto mwenye alama nzuri mtaani kwako anakwenda grama, na shule iliyobaki imeundwa na mchujo huo. Hapo ningemwandaa mtoto kufanya mtihani hata kama siupendi mfumo wenyewe, maana mtoto ana utoto mmoja na sera haitabadilika kabla hajamaliza. Ukiwa Newham, Leicester au Manchester, ambako shule za kawaida zina watoto wa kila uwezo, sababu ya kumpandisha treni saa moja kwenda na saa moja kurudi inapungua sana. Grama chache za London, kama Queen Elizabeth's ya Barnet au Henrietta Barnett, hupokea maombi ya maelfu ya watoto kwa nafasi zisizofika 200. Mtoto anayependa mitihani, anayelala vizuri na asiyeogopa, ajaribu. Anayelia kila Jumamosi akienda tuisheni, mwache apumzike.

Shule ya kawaida nayo ina mchujo wake

Usidhani ukikwepa 11+ umekwepa mchujo. Shule za kawaida zina michujo miwili, mmoja langoni na mmoja darasani.

Wa langoni ni nyumba. Shule yenye maombi mengi mara nyingi hutoa nafasi kwa umbali kutoka mlangoni pako hadi langoni pake, na bei za nyumba na kodi karibu na shule zinazosifiwa hupanda. Mwaka 2017 Sutton Trust iliangalia shule 500 za kawaida zenye matokeo bora kuliko zote na kukuta watoto wa chakula cha bure ni 9.4 kati ya 100, wakati wastani wa shule za kawaida ulikuwa 17.2. Yaani shule hizi pia zinachuja, ila kwa kodi ya nyumba badala ya karatasi ya mtihani. Tangu Sheria ya Elimu ya 1988 ilipopanua uwezo wa wazazi kuchagua, na baadaye matokeo yakaanza kuchapishwa kama msimamo wa ligi, wazazi wenye nafasi wamekuwa wakihamia karibu na shule wanazozitaka.

Sharon Gewirtz, Stephen Ball na Richard Bowe waliwafuatilia wazazi wa London mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kukuta makundi matatu. Kuna waliojua kuusoma mfumo na wenye uwezo wa kuutumia, kuna waliokuwa na hamu kubwa lakini hawakujua njia za ndani, na kuna waliochukua shule ya jirani kwa sababu maisha yao yote yalikuwa hapo. Nikiangalia jamii yetu, naona tumejaa katika kundi la pili. Hamu ya elimu tunayo kuliko wengi. Tunachokosa ni ramani.

Mchujo wa darasani ndio usiozungumzwa kabisa kwenye WhatsApp, na ndio unaonikera kuliko yote. Shule nyingi huwagawa watoto kwa seti, hasa katika hesabu: seti ya juu, ya kati, ya chini. Watafiti wakiongozwa na Becky Francis walipolinganisha seti alizowekwa mtoto na alama zake halisi za mtihani wa mwisho wa msingi, waligundua kwamba watoto weusi walikuwa na uwezekano zaidi ya mara 2 wa kuwekwa seti ya chini kuliko alama zao zilivyostahili, ukilinganisha na wazungu. Wasichana nao walishushwa zaidi ya wavulana.

Seti inafuatwa na karatasi ya mtihani. GCSE ya hesabu ina ngazi mbili, Foundation na Higher. Anayefanya Foundation, hata akipata kila swali, hawezi kupita daraja la 5, ilhali Higher inafika 9. Mtoto anayetaka kusoma hesabu ya A-level, ngazi inayofuata GCSE, na baadaye uhandisi au udaktari, kwa daraja la 5 atafungiwa mlango karibu kila mahali. Wazazi wengi hulijua hili Mwaka wa 11, wakati maji yameshamwagika. Swali lenyewe ni la kuuliza Mwaka wa 7: mwanangu yuko seti gani, kwa alama ipi, na lini mtaangalia upya? Uulize kwa adabu, uandike jibu, urudi baada ya muhula. Mwalimu anayekujua kwa jina hawezi kumsahau mtoto wako kwa urahisi.

Ukienda siku ya kuonyesha shule, utapokewa na watoto waliochaguliwa, maabara itatoa moshi wa rangi, na mkuu wa shule atahutubia vizuri. Yatazame, halafu mtafute mkuu wa idara ya hesabu umuulize: katika watoto waliokuja na alama za wastani Mwaka wa 7, wangapi mwishoni walifanya Higher? Watoto hupanda seti mara ngapi kwa mwaka? Nani hubaki nje ya darasa kwa adhabu, na wanakaa wapi? Anayeyajibu kwa namba bila kusitasita anaiendesha idara yake. Anayeanza kuzungumzia maadili ya shule, shukuru na uendelee kutembea.

Uliza pia sera ya nywele. Tume ya usawa ya nchi, EHRC, ilitoa mwongozo Oktoba 2022 kwamba kukataza mitindo kama rasta, kusuka au afro bila kuruhusu msamaha kwa sababu ya asili ya mtu kuna uwezekano mkubwa wa kuvunja sheria. Shule iliyousoma mwongozo huo na shule isiyousoma zinatofautiana katika mambo mengine mengi pia.

Kuhusu ripoti za Ofsted, idara inayokagua shule: alama ya neno moja, ile ya "bora sana" au "nzuri", ilifutwa Septemba 2024, na tangu Novemba 2025 kuna kadi yenye maeneo kadhaa. Soma kwanza sehemu ya ujumuishi (inclusion), inayowagusa watoto wa kipato kidogo, na ya mahudhurio. Kwenye tovuti ya serikali ya kulinganisha shule, tafuta kipimo cha maendeleo kiitwacho Progress 8, kinachoangalia mtoto amesogea kiasi gani tangu alipotoka msingi. Kina manufaa kuliko asilimia ya waliofaulu. Kwa matokeo ya 2025 na 2026 hakitolewi, kwa sababu watoto wale hawakufanya mtihani wa mwisho wa msingi wakati wa korona, basi angalia cha miaka ya nyuma.

Shule za dini

Kwa familia za Kikatoliki, na wazungumzaji wengi wa Kiswahili kutoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania ni Wakatoliki, hii ni njia halisi. Shule za Kikatoliki mijini zina watoto wengi wa Kiafrika, wazazi wanafahamiana kwenye misa, na mtoto haonekani wa ajabu akisema anasali. Shule inayozidiwa na maombi inaweza kutanguliza watoto waliobatizwa, na pengine kutaka uthibitisho wa paroko kwamba familia huhudhuria. Ikiwa nafasi zimebaki, lazima ipokee yeyote.

Kosa linalowagharimu watu wetu ni la karatasi. Mbali na fomu ya halmashauri, shule ya dini huwa na fomu yake ya ziada, na hiyo hupelekwa shuleni moja kwa moja. Ukijaza ya halmashauri peke yake, mtoto wako anahesabiwa kama asiye na dini yoyote na anaanguka chini ya orodha, hata kama wewe ndiye unayeimbisha kwaya.

Waislamu wana shule chache za serikali zenye msingi wa Kiislamu, zikiwamo za kaskazini kama Blackburn na Bradford. Nje ya hapo, wengi huchagua shule ya kawaida na kuendelea na madrasa jioni, na kwa kweli hilo linafanya kazi vizuri mradi safari ya shule isimle mtoto saa za madrasa. Uliza chumba cha kuswalia na ratiba ya Ijumaa kabla ya kuchagua.

Kitafiti, sekondari za dini kwa wastani huwa na watoto wachache wa chakula cha bure kuliko mtaa unaozizunguka, maana mzazi anayefuata taratibu za kanisa kwa miaka mitano tayari ana mpangilio fulani wa maisha. Kwa hiyo matokeo yao yasome kwa jicho lile lile la grama. Nami naomba wazazi wasimbatize mtoto kwa ajili ya nafasi ya shule. Mtoto wa miaka 11 anaelewa kila kitu.

Shule za kulipia

Kama mtoto 1 kati ya kila 15 hivi anasoma shule ya kulipia, lakini Sutton Trust iliripoti 2019 kwamba majaji waandamizi 65 kati ya kila 100 walipita huko. Hilo ndilo wazazi wanalolinunua: madarasa madogo, viwanja, muziki, na majina ambayo mtoto atayakuta tena kazini. Simlaumu anayelitamani.

Ada ya kutwa kwa wastani imeshapita pauni 18,000 kwa mwaka, na tangu tarehe 1 Januari 2025 inatozwa VAT ya asilimia 20 juu yake. Kwa nesi, dereva wa basi au mlezi wa wazee, hiyo haizungumziki bila msaada. Na hapa tofauti ya maneno mawili ni ya pesa nyingi. Skolashipu hutolewa kwa kipaji, na mara nyingi inapunguza asilimia 5 au 10 ya ada tu. Basari hutolewa kwa kuangalia kipato, na inaweza kufuta ada yote. Wanaosoma bila kulipa chochote ni karibu mtoto 1 katika kila 100 wa shule hizo, wachache mno, lakini wapo. Ukitaka kujaribu, omba basari waziwazi, mwaka mzima kabla, na uwe tayari kuonyesha hati za mishahara na benki. Shule ya Christ's Hospital, Sussex, inajulikana kwa kutoa basari kwa wingi kuliko nyingine. Uliza kama basari inalipia sare, safari za masomo na chakula, maana mtoto asiyekwenda safari ya kuteleza kwenye theluji huachwa nje ya mazungumzo ya muhula mzima.

Ninachokataa ni kukopa, au kufanya zamu mbili za usiku ili kulipa ada ya shule ya kulipia ya wastani. Mtoto anapata madarasa madogo na anampoteza mzazi wa jioni. Kwa fedha hizo, shule ya kawaida pamoja na tuisheni ya hesabu Mwaka wa 10 na wa 11 ni mpango bora zaidi. Nusu ya watoto wa London, au karibu yake, wamewahi kupata tuisheni, kwa hiyo usione aibu.

Ningechagua hivi

Ukiishi mjini ambako hakuna mchujo wa eneo zima, chukua shule ya kawaida iliyo karibu yenye maendeleo mazuri kwa watoto wa kipato kidogo, halafu peleka nguvu zako kwenye seti na ngazi ya mtihani. London hasa, watoto wa familia maskini hufanya vizuri kuliko wenzao wa maeneo mengi ya England, na mtoto wako ataenda kwa miguu au kwa basi la bure. Ukiishi Kent au Buckinghamshire, mwandae kwa 11+ bila vitisho, na sambamba tembelea shule isiyochuja iliyo bora karibu nawe kwa heshima ile ile, ili akishindwa asihisi ametupwa jalalani. Kama imani ndiyo moyo wa nyumba yenu, shule ya dini inaweza kushinda zote hata kama matokeo yake yapo chini kidogo. Shule ya kulipia, kwa basari nzito tu.

Familia iliyofika katikati ya mwaka iko pagumu zaidi, kwa sababu inapewa zilizo na nafasi, na zilizo na nafasi mara nyingi ndizo zilizokimbiwa na wengine. Ikubali nafasi, mtoto asikae nyumbani, na papo hapo jiandikishe kwenye orodha za kusubiri za shule mbili au tatu. Mjini watu huhama kila wiki.

Fomu yenyewe

Andika shule kwa mpangilio unaoutaka kweli. Shule haioni umeiweka ya ngapi, kwa hiyo kuweka grama ya kwanza hakukupunguzii nafasi kwenye ya pili. Jaza mistari yote unayoruhusiwa, ambayo London ni sita na kwingine kwa kawaida ni mitatu au zaidi. Bado nasikia ushauri kwamba ukiandika shule moja tu watalazimika kukupa. Ni uongo: ukiikosa, halmashauri itakupa ile iliyobaki, pengine mbali. Hakikisha mstari mmoja ni wa shule ambayo mwaka uliopita ilipokea watoto wa umbali unaozidi wa nyumba yako.

Omba chakula cha bure hata kama mtoto hapendi chakula cha shule, na hata kama msingi wa London unampa kila mtoto bila kuuliza. Usajili huo ndio unaoipa shule fedha iitwayo Pupil Premium, zaidi ya pauni 1,000 kwa mwaka kwa mtoto wa sekondari, na inaendelea miaka 6 tangu alipostahili mara ya mwisho. Serikali imetangaza kwamba kuanzia Septemba 2026 kila familia yenye Universal Credit itastahili chakula hicho. Familia ambazo viza yao hairuhusu msaada wa umma zinaweza kustahili pia, kwa viwango vyao vya kipato, na wengi hawajui. Mtoto wako akisajiliwa, iulize shule fedha yake inatumikaje.

Familia ya kipato kidogo ina haki ya usafiri wa bure kwenda mojawapo ya shule tatu zinazofaa zilizo karibu zaidi, zikiwa umbali wa kati ya maili 2 na 6, na hadi maili 15 kwa shule iliyochaguliwa kwa sababu ya imani. Halmashauri hazilitangazi sana, kwa hiyo ulizia kwa maandishi.

Tarehe 1 Machi ikifika na shule si uliyoitaka, ikubali kwanza. Kukubali hakukuondoi kwenye orodha ya kusubiri wala hakufuti haki ya rufaa, na kukataa kunaweza kukuacha bila shule yoyote. Orodha ya kusubiri lazima idumu angalau hadi tarehe 31 Desemba, na haipangwi kwa nani aliwahi kujiandikisha, kwa hiyo unaweza kupanda au kushuka. Kwenye rufaa, jopo ni la watu wasio wa shule hiyo. Peleka sababu zinazomhusu mtoto huyo na shule hiyo, kama barua ya daktari, somo linalofundishwa pale tu, au ndugu anayehitaji kusindikizwa, na uombe mkalimani mapema kama Kiingereza chako kinakwama unapokuwa na wasiwasi.